Mshale Uliolala

Pikapu yangu imenizidi uzee kwa hesabu za magari, na kwa ubishi imenizidi kabisa. Naitumia kupeleka mchele, maharage na mapipa ya maji Mwakitolyo, kwa mama ntilie wanaowapikia wachimbaji wa dhahabu. Natoka Tinde asubuhi, narudi alasiri na mapipa matupu yanayopigizana nyuma. Kazi hii imenisomeshea watoto, na sioni haya kusema kwamba naipenda, pamoja na vumbi na matusi yake.

Kwenye dashibodi ya gari hili kuna kimshale cha joto la injini. Miaka yote niliyoliendesha, kimshale hicho kilikaa katikati, kiangazi na masika, mlimani na tambarare, nami nikakiamini kama unavyomwamini mfanyakazi asiyelalamika. Kumbe kilikuwa kimekufa zamani. Siku injini ilipochemka mpaka silinda hedi ikapinda, na moshi mweupe ukafunika kioo chote, niliinama nikakitazama. Kilikuwa palepale katikati, kimetulia, hakina habari na mtu. Nilikitukana kwa Kiswahili, nikaongezea kwa Kisukuma, na bado hakikusogea.

Gari lilikaa juu ya mawe muda mrefu. Nikawa nasafirisha mizigo kwa magari ya kukodi, na baadhi ya wateja wangu wakubwa wakanihama. Lilipopona nikaapa kwamba sitaendesha tena gari nisilojua linajisikiaje.

Geji za kupimia injini nilizipata Buseresere, nilipokwenda kumwona dada yangu aliyeolewa huko. Kando ya barabara ya Biharamulo kulikuwa na muuza vipuri vya mitumba, ametandaza bidhaa zake juu ya turubai, na katikati ya taa na vioo vya pembeni nikaziona: geji mbili za duara, uso mweusi, mshale mweupe. Moja ya joto la maji, moja ya presha ya oili. Zilikuja na kibebeo chao cha plastiki chenye vikombe viwili, cha kufunga kwenye ile nguzo inayoshikilia kioo cha mbele, upande wa dereva, ili mtu azione bila kuinamisha shingo. Geji ya joto ilikuwa ya kizamani, haihitaji umeme ili kufanya kazi. Nyuma yake ulitoka mrija mwembamba wa shaba, mrefu, na mwisho wa mrija palikuwa na kichwa cha chuma mfano wa kidole. Kichwa hicho hufungwa kwenye injini, kikaogelea ndani ya maji, na mshale ukasema kilichomo.

Fundi wangu wa magari pale Tinde ni mtu wa maneno machache na redio kubwa. Alikipima kibebeo kwenye nguzo, akaguna. Kilikuwa kimetengenezwa kwa gari jingine lenye nguzo iliyopinda, na nguzo yangu imenyooka kama rula. Akakilainisha kwa maji ya moto, akakibana kwa mikono mpaka kikakubali, akakifunga kwa skrubu fupi kwenye plastiki ya nguzo. Vikombe navyo vilikuwa vipana kuliko geji zenyewe. Akazizungushia tepu nyeusi ya umeme, mzunguko juu ya mzunguko, hadi zikaingia kwa kubana.

Kisha akafanya jambo nililolipenda sana. Badala ya kuziweka geji na namba zake zikiwa zimenyooka, aliwasha injini, akaisubiri ipate joto lake la kawaida, halafu akazizungusha ndani ya vikombe vyake moja baada ya nyingine.

"Mama, sitaki usome namba," aliniambia. "Ukiwa unakwepa mashimo, namba utazisoma saa ngapi? Nimeziweka hivi, mambo yakiwa sawa mishale yote miwili inasimama wima. Ukiona wa joto umelala kulia, au wa oili umelala kushoto, simama hapohapo."

Niliondoka pale nimevimba kichwa. Niliendesha nikizitupia jicho kila wakati, na mishale ilikuwa imesimama wima, yote miwili, kama watoto wa paredi.

Sasa nieleze kitu ambacho mgeni wa huku hawezi kukijua. Katika ukanda huu wa dhahabu, kutazama mtu anaposimama ni kazi kama kazi nyingine. Kuna watu wanaozunguka porini na mashine za kutafuta dhahabu, fimbo yenye sahani chini na kisanduku chenye mshale juu, na kuna wengine ambao kazi yao ni kuwafuata hao kwa mbali. Mwenye mashine akikawia mahali, akainama, akashika udongo, kesho yake alfajiri pana watu na sururu. Maduara mengine makubwa, kwa maana ya mashimo ya dhahabu, yalianza hivyo, au ndivyo wanavyosimulia walioyachimba. Ndiyo maana mtu mzima wa huku akibanwa na haja njiani hujisaidia upesi, na hachezei mawe kwa mguu.

Mimi nayajua hayo tangu utoto. Lakini geji zilikuwa zangu, nilijua ni za nini, na haikunipitikia akilini kwamba mwingine angeziona vinginevyo. Mwakitolyo wachimbaji walikuja kuchungulia dirishani.

"Mama, hizo saa mbili ni za nini?"

"Hii ya joto la maji, hii ya oili."

"Aaa," wakasema, wakatazamana. Mimi nikadhani wanalisifia gari.

Basi alasiri moja nilikuwa narudi, jua limepinda, mapipa yanalia nyuma. Nilikuwa nimetoka kwenye kipande kibaya cha barabara, chenye matutamatuta yanayotikisa mpaka meno. Nikatupia jicho nguzo. Mshale wa oili ulikuwa wima. Mshale wa joto ulikuwa umelala kulia.

Ule moshi mweupe wa zamani ulinirudia wote, mpaka nikahisi harufu yake. Nilizima injini hapohapo, gari likajisukuma lenyewe na kusimama, tairi mbili zikiwa ndani ya shamba la viazi vitamu la mtu. Nikashuka mbio. Nikafungua boneti: hakuna moshi. Nikapiga magoti, nikachungulia chini ya injini kuona kama rejeta inavuja. Chini ya gari udongo ulikuwa mweusi mahali pamoja, nikauchota, nikaufikicha kwa vidole, nikaunusa, maana maji ya rejeta yenye dawa yana harufu yake ya utamutamu. Ulinuka udongo tu. Nikahamia upande wa pili, nikachota tena, nikanusa tena. Pikipiki ikapita polepole imebeba wachimbaji wawili na sururu zao, wakanisalimia, na mimi kwa kuchanganyikiwa nikawapungia mkono waende zao.

Mwenye shamba akaja na ndoo ya maji kichwani. Nyumba yake ilikuwa pale pale, ng'ambo ya matuta, ya udongo na nyasi. Alikuwa bibi mwembamba, kanga mbili, miguu peku.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Gari limekufa?"

"Sijui, bibi. Naona linachemka."

Nikashika mpira wa rejeta kwa kiganja. Ulikuwa na joto la kawaida tu, joto la gari lililotoka safari. Nikarudi ndani, nikaitazama ile geji vizuri, na ndipo nikaona kwamba namba zake nazo zimelala. Geji yenyewe ilikuwa imejizungusha ndani ya kikombe. Jua la Shinyanga liliyeyusha gundi ya tepu, barabara ikamalizia kazi. Injini ilikuwa nzima kabisa. Nikairudisha wima kwa kidole gumba, kidole kikatoka cheusi, nikaanza kucheka mwenyewe. Bibi naye akacheka, bila kujua tunacheka nini.

"Na hako kasaa kanasema nini?" aliuliza, akichungulia.

"Kanasema hakuna ubaya, bibi. Kalikuwa kananitania."

Nilimpa mchele uliobaki kwenye gunia kwa kunihangaikia na maji, na kwa kuwa nimemkanyagia tuta la pembeni. Hakujali tuta. Alinionyesha shamba lake lote kwa mkono, viazi vilivyotanda kijani mpaka kwenye ua wa minyaa. Alisema bado havijakomaa. Vikikomaa atavimenya, atavikata, atavianika viwe michembe, na hiyo michembe ndiyo itakayomlisha yeye na wajukuu wake wawili mpaka mavuno mengine. Baba yao hajulikani alipo, alikwenda machimboni na hakuandika. Alisema hivyo bila uchungu, kama anayetaja mvua ya mwaka juzi. Nikamuaga, nikaondoka, na njiani nikamtafuta fundi kwa simu nimgombeze. Hakupokea. Nadhani redio ilikuwa juu.

Safari iliyofuata niliona pikipiki nyingi kando ya barabara kabla sijaliona shamba. Nikadhani ni msiba. Nilipokaribia nikasikia sururu.

Mashimo yalikuwa matatu. Majani ya viazi yalikuwa yametupwa pembeni marundo marundo, na viazi vyenyewe vimetapakaa juu ya udongo, vidogo, vyembamba kama vidole, vingine vikivuja utomvu mweupe. Bibi alikuwa ameketi mlangoni kwake, mikono mapajani, anatazama.

Mimi nina hasira za karibu, kila anayenijua anajua. Nilisimamisha gari katikati ya barabara, nikashuka nikiwa nimeshaanza kusema. Lakini watu wale waliponiona waliacha kuchimba, wengine wakapiga makofi. Msimamizi wao, mwanamume wa makamo mwenye lafudhi ya pwani, kofia mkononi, akanijia kwa adabu zote.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mnafanya nini hapa?"

Alitabasamu, kana kwamba namtania. "Mama, haki yako tumeitunza. Lile duara la katikati, pale matairi yako yalipokanyaga, tumesema ni la mama. Hakuna aliyeligusa bila kutaja jina lako."

Ilinichukua muda kuelewa. Walikuwa wamehesabu kila kitu: nimesimama ghafla, nimetazama mashine yangu, nimezunguka gari, nimechota udongo upande huu na upande ule, nimenusa, nimewafukuza wapita njia kwa mkono, na mwisho nimecheka peke yangu. Mtu wa ukanda huu akiyaona hayo, kweli, atasema nini kingine? Ningeyaona mimi kwa mwingine ningepunguza mwendo.

Nikamwambia zile ni geji za gari. Akasema ndiyo, mama. Nikamwambia ile moja inapima joto la maji ya injini, na kilichonisimamisha ni tepu iliyoyeyuka. Akasema ndiyo, mama, tunaelewa. Nikamwambia kwa sauti kubwa kwamba hapa hakuna dhahabu, na nyuma yake nikasikia sururu zimeongeza kasi. Kila nilivyokana, ndivyo walivyozidi kuamini. Mtu asiye na kitu hakasiriki hivyo, alisema mmoja wao.

Jambo moja lilinisumbua: walijuaje mahali hasa matairi yalipokanyaga? Ile pikipiki ilipita tu, haikusimama. Na mvua ilikuwa imenyesha tangu siku ile. Lakini haukuwa wakati wa kuuliza.

Nilikwenda kwa bibi, nikachuchumaa mbele yake.

"Walisema shimo moja la kuonja," aliniambia, bila kunitazama. "Pembeni. Sasa unaona mwenyewe, wanasogea. Wakifika kwenye mwamba, ule udongo mweupe wa chini unapanda juu, shamba halioti tena kitu. Nimeyaona kwa jirani. Mwanangu, waambie waondoke. Wewe watakusikia."

Hilo la kwamba mimi watanisikia liliniuma kuliko yote. Mwenyekiti wa kijiji alikuwa amekwenda mjini Shinyanga, na hadi arudi hapo pangekuwa na mashimo kumi. Nilitazama matuta yaliyobaki. Yalikuwa bado zaidi ya nusu ya shamba. Kulikuwa na kitu cha kuokoa kama ningeweza kufikiri, na mimi nikiwa na hasira sifikiri, kwa hiyo nikanywa kwanza maji ya bibi.

Jikoni kwake palikuwa na sufuria ya maji motoni, ya ugali. Nikaitazama sufuria ile, nikaukumbuka mrija wa shaba. Nikampigia fundi simu, na safari hii alipokea.

"Njoo na spana ya kufungulia kile kichwa cha geji," nilimwambia. "Na ukikawia nitakuja kukuchukua mimi mwenyewe kwa sikio."

Alikuja kwa pikipiki. Injini ilikuwa imeshapoa. Nikamwendea yule msimamizi, nikamwambia ninaifungua mashine yangu hadharani, yeyote anayetaka kuiona ndani aje, ila sururu zikae chini kwanza. Sikuhitaji kusema mara mbili. Wote walikuja. Kuiona mashine ya mwenye bahati kwa karibu si jambo dogo.

Fundi alifungua kichwa kile cha chuma kutoka kwenye injini, akaziba tundu kwa bolti yenye kitambaa. Mrija ulikuwa mrefu, ukashuka kando ya tairi la mbele bila shida. Ule mwisho wa pili uliingia ndani ya gari, mpaka kwenye nguzo, na geji ikabaki mahali pake. Nikamwomba msimamizi aketi kiti cha dereva. Alifuta miguu kabla ya kupanda. Wenzake wakajazana dirishani.

"Unaona nini?" nilimuuliza.

"Mshale umelala kushoto, mama."

Tukaileta sufuria ya bibi kutoka jikoni, maji yanatokota, tukaiweka chini kando ya tairi. Nikakishika kichwa cha chuma kwa kipande cha kanga, nikakitumbukiza.

"Unaona nini?"

Akajibu kwa sauti iliyopungua: "Unapanda." Tukasubiri. "Umesimama wima." Tukasubiri tena. "Umelala kulia."

Nikakitoa, nikakitia kwenye ndoo ya maji ya mtungini. Sikuuliza. Niliwaona wanavyofuata kwa vichwa vyao, wote pamoja, kutoka kulia kwenda kushoto.

"Labda na sufuria ina dhahabu," mtu mmoja wa nyuma alisema. Wachache walicheka. Mmoja akasema tujaribu kwa chai, na tukajaribu kwa chai. Fundi alimfuata msimamizi dirishani, akaishika geji kwa vidole viwili, akaizungusha ndani ya kikombe chake kulia na kushoto, ikazunguka kama kifuniko cha chupa. Hapo kicheko kilikwisha.

Yule msimamizi alikaa kwenye kiti changu muda, mikono juu ya usukani. Halafu akauliza swali moja tu, kwa upole.

"Mama, siku ile ulishika udongo ukanusa. Ulikuwa unanusa nini?"

"Maji ya rejeta, mwanangu. Nilidhani gari linavuja."

Akatikisa kichwa. Nilikuwa nimekuja pale nikitaka kumrarua, na sasa nilimwonea huruma mpaka nikakosa pa kutazama. Alinieleza kwamba waliacha duara lao kule Mwakitolyo kwa watu wengine ili wawahi huku. Duara lenyewe halikuwa na kitu, alisema, ila lilikuwa lao. Nguo zao zilikuwa zimelowa, walilala palepale shambani kwenye mvua wakilinda mashimo wasinyang'anywe. Walilinda viazi vya bibi, kwa kweli, bila kujua.

"Basi, mama," akasema akishuka. "Tumezoea."

Aliwaamuru wafukie. Walifukia mashimo mawili vizuri, wakayapandisha hata matuta juu yake kwa majembe ya bibi, kwa ustadi wa watu waliolelewa na kilimo kabla ya kuwa wachimbaji. La tatu, lile langu, lilikuwa limeshafika kwenye udongo mweupe, halikurudi kuwa shamba. Walilijaza walivyoweza. Kisha wakapanda pikipiki zao wawili wawili, watatu watatu, bila kelele, na msimamizi akaniaga kwa adabu ileile aliyonipokea nayo. Niliwapa mfuko mmoja wa maharage. Sikujua nifanye nini kingine.

Kilichobaki ilikuwa kuzifunga geji. Nilimwambia fundi siondoki na zile geji zikizunguka, nisije nikasimama kesho mbele ya kanisa na kesho kutwa mbele ya msikiti. Naye kwa mara ya kwanza aliniona nina haki ya kusema. Alizitoa zote mbili, akabandua ile tepu iliyokuwa imegeuka uji mweusi. Lakini vipande vya mpira vya kuweka badala yake havikuwamo kwenye mfuko wake. Bibi akasikia tunalolitafuta, akaingia ndani, akatoka na jembe lake la mkono. Kwenye shingo ya jembe, mahali mpini unapoingia, palikuwa pamefungwa mpira wa ndani wa baiskeli, mzunguko juu ya mzunguko. Akaufungua, akatukabidhi. Nikamwambia jembe litalegea. Akasema atatafuta mwingine.

Fundi aliukata mpira ule pete mbili pana, akaivisha kila geji pete yake kwa kuivuta. Kisha akakifungua kibebeo chote, akakirudisha kwa skrubu ndefu zinazopita plastiki na kushika chuma chenyewe cha nguzo, akiangalia asitoboe waya. Geji alizisukuma ndani ya vikombe kwa kiganja, kwa uzito wa bega lake, na mpira ukalia ukiingia. Akakirudisha kichwa cha chuma kwenye injini, akaongeza maji, akawasha. Tukaisubiri ipate joto ili aziweke wima kwa mara ya mwisho, na kazi hiyo ilimtoa jasho, maana sasa zilikuwa hazitaki kuzunguka. Alitumia bisibisi kama wenzo mpaka zikakubali.

Alipokwenda kunawa mikono, bibi alikuja akapanda upande wangu, kiti cha dereva, palepale alipokuwa amekaa yule msimamizi. Nilikuwa nimesimama dirishani. Injini ilikuwa inanguruma taratibu na mishale yote miwili ilikuwa wima. Aliitazama muda mrefu.

"Mimi ndiye niliyewaonyesha," akasema.

"Umewaonyesha nini, bibi?"

"Pale matairi yalipokanyaga. Ulipoondoka siku ile niliweka mawe mawili, mvua isifute. Walipokuja kuuliza, nikawapeleka." Alikuwa ananyoosha kanga yake magotini. "Niliona unavyonusa ule udongo. Nikasema moyoni, huyu mama ameona kitu, ananificha, lakini kanipa mchele, hana roho mbaya. Usiku huo sikulala. Nilikuwa najenga nyumba kichwani. Nilishaweka na bati. Nikasema watu wakisikia hapa pana dhahabu, na baba wa wajukuu wangu huko aliko atasikia, atarudi kwao."

Nilikuwa nimejisifu moyoni, mchana kutwa, kwamba nimemwokolea shamba. Na nilikuwa nimemwokolea kweli, viazi vilikuwa vinaonekana pale, vya kutosha kumvusha kama mvua ingeendelea. Lakini lile tumaini jingine nililizima mimi, mbele ya watu, kwa sufuria yake mwenyewe ya ugali. Machozi yalinilenga nikayaacha.

"Ila walipozidi kusogea kwenye viazi, niliogopa," akasema.

"Ulifanya vizuri kuogopa, bibi."

Akaelekeza kidole kwenye nguzo. "Na sasa ameikaza?"

"Ameikaza."

"Haiwezi kuzunguka tena?"

"Haiwezi, bibi."

Alinyoosha mkono, akaishika geji ya joto kwa vidole vyake vilivyokauka, akajaribu kuizungusha upande wa kulia, polepole, kisha kwa nguvu kidogo. Mpira wa jembe lake uliishikilia. Mshale haukutoka mahali pake.

"Kweli imekaza," akasema. Akashuka, akachukua jembe lake lililolegea mpini, akaenda kuvifukia viazi vilivyobaki nje.